Mteja wa Nane

Viti arobaini vya plastiki vilikodiwa, vikaja thelathini na sita, na Margareta akagombana na mwenye viti palepale barabarani mpaka jirani wa nyumba ya tatu akatoa vinne vya kwake ili watu wakae kwa amani. Pilau lilikuwa sufuria mbili. Turubai lilifungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye nguzo ya umeme, jambo linalokatazwa na ambalo Keko nzima inalifanya.

"Sherehe ya nini, mama?" wapita njia waliuliza, maana harufu ya pilau haimwachi mtu apite kimya.

"Ya mwanangu Noela," Margareta aliwajibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Kamaliza masters. Saikolojia. Anakuwa daktari wa akili za watu. Bado saini moja tu, na mwenye saini anakuja kula hapahapa!"

Saini hiyo moja ndiyo iliyokuwa imemkausha Noela midomo tangu asubuhi. Ili asajiliwe kuwa mwanasaikolojia alitakiwa awe amekaa na wateja wanane, kila mmoja mara kumi, aandike taarifa ya kila mmoja, na msimamizi wake, Dokta Farida, atie saini kwenye daftari la saa za vikao hivyo. Daftari lilitakiwa chuoni Jumatatu. Likichelewa, angesubiri mwaka mwingine na kulipa ada nyingine, na kwa ada iliyopita baba yake, fundi Kasimiri, alikuwa ameshauza mashine ya kuranda mbao. Hapakuwa na mashine nyingine yenye bei ya kufikia ada.

Na wateja hawakuwa wanane. Walikuwa saba.

Wa nane alikuwa mama mmoja aliyekuja mara mbili kwenye ile kliniki ya Mtoni alikokuwa akijifunzia Noela. Mara ya pili aliuliza, "Sasa mie nakuja kuongea tu? Hata panadol hamtoi?" Hakurudi tena. Ikabaki miezi miwili. Hapo ndipo Noela alipoanza kukaa na baba yake kila Jumanne na Alhamisi jioni, uani, mzee akirudi kazini.

"Baba, siku hizi huonekani kulala vizuri."

Kwa miaka mingi Kasimiri alikuwa ameulizwa swali moja tu, nalo ni kitanda kitakuwa tayari lini. Alipoulizwa hilo la usingizi alikuna goti, kisha akaanza kusema. Alisema jioni kumi. Alidhani anaongea na mtoto wake. Siku ya pili alipewa karatasi aweke saini, "ya chuo, baba," akaweka bila miwani.

Kwenye taarifa Noela alimbadilisha kama sheria ya kazi inavyotaka. Miaka hamsini na minane ikawa hamsini na mitano. Seremala akawa mtu wa samani. Keko ikafutwa. Kumtibu mtu wa damu yako ni kosa la kufutiwa masomo, hilo alilijua kuliko jina lake. Lakini lilikuwepo jambo moja alilolishikia kalamu mara tatu alifute, akashindwa, kwa sababu ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Dokta Farida mwenyewe alilipigia mstari akaandika pembeni kwamba hapa mwanafunzi ameona.

*

Saa nane ikafika, Dokta Farida hajafika. Alipiga simu kwamba foleni imemkamata. Chakula hakigawiwi kabla ya mgeni rasmi, na watu walishaanza kutazama sufuria kwa macho ya madeni.

Jabiri, fundi jirani wa Kasimiri, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Karakana zao zimetenganishwa na bati moja, na kwa miaka ishirini walikuwa wamejifanyia utani wao wenyewe, Mzaramo na Mmakonde, bila babu yeyote kuwaidhinishia. Jabiri alikuwa na ruhusa ya kumwambia Kasimiri lolote, popote, hata msibani, na Kasimiri hakuwa na ruhusa ya kununa.

"Mtani," alisema Jabiri, "huyo dokta wako asipokuja mie nitakufa njaa, halafu mwanao atanitibu nini? Maiti haina saikolojia!"

Watu wakacheka. Kasimiri naye akacheka, akainuka ndani ya kaunda suti yake ya kijivu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba kitabu chenye jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu. Ndicho kitabu chenye taarifa za wateja wote wanane. Noela alikuwa amechapisha nakala nne, na hii ya nne mzee aliiomba, akaiweka juu ya runinga chini ya kitambaa cha kufuma.

"Wageni wangu," alisema Kasimiri. Hakuwa mtu wa hotuba. "Tumbo lisubiri kidogo. Masikio hayana foleni. Miaka miwili na nusu mnaniona nakwenda benki, hamjui nanunua nini. Nimenunua hiki. Mie Kizungu sijui. Leonardi, njoo usome utufasirie, watu wajue mtoto kafanya kazi gani."

Vigelegele. Leonardi akasimama, akitengeneza kola. Huyu ni mtoto wa dada yake Kasimiri, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Miaka minne nyuma alianza shahada hiyohiyo ya uzamili, na muhula wa pili akaacha. Ukimuuliza husema mambo ya vichaa hayana soko. Ukweli ni kwamba alifeli takwimu mara mbili, na mama yake tu ndiye anayejua.

"Nisome wapi, mjomba? Kurasa mia na sitini."

"Soma mwisho," Kasimiri alisema. "Kazi ya fundi inaangaliwa mwishoni, kwenye msasa."

Noela alikuwa jikoni anakata kachumbari. Alisikia jina lake, akasikia jina la chuo, akasikia makofi, akatabasamu. Kisha akasikia, "Mteja wa nane." Kisu kikabaki ndani ya kitunguu.

*

"Mteja wa nane," Leonardi alikuwa akifasiri, kidole kwenye mstari, "ni mwanaume wa miaka hamsini na mitano, mkazi wa Temeke, ana mke na watoto, anajishughulisha na samani."

"Wa kwetu huyo!" mtu akadakia.

"Tulia, tusikie. Miaka mitatu iliyopita alishuhudia ajali ya mashine kazini kwake. Tangu hapo hapati usingizi zaidi ya saa mbili. Akisikia msumeno wa umeme, mikono humtetemeka."

Mafundi wa mstari wa mbele wakatazamana. Ajali ya mashine ya miaka mitatu iliyopita waliijua. Waliwahi kuchanga nauli ya kumrudisha kijana aliyeumia kwao Newala na mkono wake mmoja.

Leonardi aliinua macho, akamtazama mjomba wake mara moja. Alishajua. Alijua tangu sentensi ya pili, na hapo mtu mwingine angefunga kitabu akasema kurasa zimegandana. Yeye akalowesha kidole, akaendelea, sauti ikiwa tamu zaidi.

"Kazi za mashine humwachia msaidizi, mwenyewe akijifanya anaongea na simu."

"Haa!" Jabiri alijipiga paja. "Kumbe zile simu!"

Kicheko kikapita kama upepo chini ya turubai. Kasimiri alikuwa bado anatikisa kichwa cha kukubali, kama mtu anayesikiliza wimbo wa lugha ngeni. Kichwa kilikuwa kinatikisika chenyewe, shingo haijapata habari.

Noela alitokea mlangoni, mikono ina maji ya nyanya. "Leonardi," aliita. "Acha. Chakula kinapoa."

"Mgeni rasmi hajafika, sista. Na hii si haina jina? Mmefundishwa kuficha majina." Leonardi akamtabasamia. "Au lipo?"

Watu wote wakamgeukia Noela. Pale palikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Angesema, ndiyo, lipo, funga. Angenyang'anya kitabu. Midomo ikamfunguka, kisha akalikumbuka daftari la saa mkobani, na mstari mmoja usio na wino.

"Halipo," alisema.

"Basi tuendelee. Mteja anaeleza kuwa mchana, akizidiwa, huingia ndani ya kabati la nguo ambalo halijauzwa, akafunga milango yote miwili, akakaa humo mpaka nusu saa. Humo hulia. Watu wakimwona akitoka husema alikuwa anajaribu bawaba."

Ndilo lile jambo Noela aliloshindwa kulifuta. Jabiri alisimama kabisa. Alicheka mpaka akashika bega la jirani yake. "Bawaba! Wallahi bawaba! Mtani, mie nimekutoa kabatini mara ngapi? Nikikuuliza, bawaba! Nikasema huyu mtu kwa bawaba ni bingwa!"

Sasa kilikuwa kicheko cha nyumba nzima, wake kwa waume. Hakuna aliyedhani anaua mtu. Utani ni utani. Kasimiri alikaa wima nyuma ya meza ya mgeni rasmi, mikono juu ya magoti, akitabasamu tabasamu lililosahauliwa usoni. Jasho lilitokeza kwenye kaunda suti, mgongoni, likawa linashuka.

"Anasema," Leonardi aliendelea, "kuliko mashine, anaogopa kicheko cha mke wake. Mke huzungumza mambo yake mbele za watu kwa mzaha."

Margareta ndiye aliyecheka kwanza hapo, kwa mazoea. "Wanawake wengine jamani!" akasema, akitafuta macho ya wenzake. Hakuyapata. Wenzake walikuwa wanatazama ardhi.

"Mwaka huu, mara mbili, amelowesha kitanda."

Hapo hakuna aliyecheka. Lile godoro walikuwa wameliona. Liliwekwa juani mwezi wa tatu, likawekwa tena mwezi wa tano, na mara zote mbili Margareta alitangaza uani kwamba mjukuu wao Mauwa, mwenye miaka sita, ameanza upya tabia ya utotoni. Mauwa alikuwa amekaa mkekani na wenzake, akahisi wanawake wanamtazama.

"Mie sikukojoa," mtoto akasema. "Niliwaambia."

*

Ndipo Dokta Farida alipoingia chini ya turubai, mkoba begani, pole na samahani za foleni zikimtangulia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Aliona kitabu mikononi mwa Leonardi na akakitambua kwa jalada.

"Mnasoma nini?"

"Kazi ya mwanafunzi wako, Dokta," alisema Leonardi. "Mteja wa nane."

"Hiyo haisomwi mbele ya watu! Hata bila jina. Noela, umeruhusu hili?"

Jabiri, ambaye kimya humuumiza kuliko jino, akaona ni wajibu wake kuokoa sherehe. "Dokta usiogope! Mgonjwa mwenyewe yupo hapahapa, ni mtani wangu huyu! Tumemjua kwa bawaba!"

Walicheka wawili watatu, kidogo, kisha wakaacha. Dokta Farida alimtazama Kasimiri. Akamtazama Noela muda mrefu zaidi.

"Noela. Huyu ni baba yako mzazi?"

"Ndiyo, Dokta."

"Na mteja wa nane ni nani?"

Noela hakumtazama baba yake. Alitazama begi la Dokta, mahali ambapo kalamu ilikuwa imechomekwa.

"Mtu mwingine, Dokta. Simfahamu nje ya kliniki. Baba yangu hana tatizo lolote."

Dokta Farida hakutosheka na jibu hilo. Alimwendea Kasimiri, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dokta. Karibu sana. Karibu nyumbani."

"Samahani nakuuliza mbele ya wageni wako. Wanasema ni wewe."

Kasimiri akamtazama mwanawe. Noela aliendelea kutazama kalamu. Fundi akavuta pumzi, kisha akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko Jabiri, kifua kikiruka, mpaka machozi, na machozi hayo yalipata kisingizio.

"Mimi? Dokta, mie kabati nauza, siingii! Huyo mwanaume gani? Anajikojolea, anamwogopa mkewe, analia kwenye mbao! Mwanaume wa hivyo ningemjua ningemchapa makofi mwenyewe. Hana hata aibu, kwenda kumweleza mtoto wa watu mambo ya chumbani." Akaipiga meza. "Mpumbavu huyo! Andika hivyo, Dokta. Mpumbavu."

"Umesikia?" Margareta akadakia haraka. "Mume wangu mzima kabisa. Na godoro lilikuwa la Mauwa. Mauwa, sema!"

Mtoto akamtazama bibi yake, akaona jicho. "Lilikuwa langu," akasema, akaanza kulia.

Dokta Farida alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo. Aliiona mikono ya mzee, mmoja umeushika mwenzake chini ya meza kama mtu anayemzuia mwizi. Alijua. Lakini mwaka ule wanafunzi wake wawili walikuwa wameshaanguka, na mkuu wa idara alikuwa amemuuliza kwenye kikao, mbele ya wahadhiri vijana, kama bado ana nguvu za kusimamia. Na pilau lilikuwa pale, na watu sabini walikuwa wanamngoja aseme neno.

"Lete daftari," alisema.

Kasimiri mwenyewe alipangusa meza kwa mkono wa kaunda suti ili dokta asaini mahali pakavu. Kalamu ilipotembea, vigelegele vikapasuka, spika ikafunguliwa. Leonardi, asiyependa kazi ya nusu, akasoma mstari wa mwisho juu ya muziki: "Hitimisho. Mteja amepata nafuu kubwa. Huduma imefungwa."

Watu wakapiga makofi. Kasimiri akapiga makofi.

*

Jioni, wanawake wakiosha sufuria, Margareta alimbana Noela kwenye kona ya jiko. Noela alitegemea matusi juu ya baba yake.

"Umeniandika mie nina mdomo," alisema Margareta. "Kwa Kizungu. Ipo maktaba ya chuo sasa, wasomi wanasoma mie namcheka mume wangu. Nani kakwambia namcheka?"

"Mama, hakuna jina."

"Hakuna jina, na kila mtu kanitazama mie!" Akakwangua ukoko kwa hasira. "Mara zote mbili nimefua lile shuka, sijamwambia mtu. Nimemsingizia mtoto ili nimfiche. Hilo mbona hukuandika?"

Noela hakuwa amelijua. Baba yake hakulisema, kwa sababu naye hakujua kwamba alikuwa anafichwa.

"Naweza kuongea na baba nimweleze," alisema.

"Ukamweleze nini? Mwache. Keshakulipia yote."

Jumatatu daftari lilifika chuoni. Jumatatu hiyohiyo Kasimiri alifika karakana, na Jabiri akamgongea bati. "Hodi mteja!" Hakuwa na ubaya. Ilikuwa salamu, na salamu nzuri huigwa. Wiki mbili baadaye wauza misumari walikuwa wanamwita hivyo, wasijue ilikotoka. Wanunuzi kutoka mbali walielekezwa: nenda pale mbele, ulizia fundi Mteja. Kasimiri aliitika. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amemlipa mtu asimame karakana, yeye akawa anakwenda kukaa kituo cha malori mpaka jua lishuke, kisha anarudi nyumbani na vumbi la mbao alilojipaka mwenyewe kwenye suruali.

Noela alisajiliwa mwezi wa tisa. Cheti alikitundika katika chumba kimoja alichopanga Goba, juu ya mlima, kwenye nyumba mpya zenye wateja wa kulipa. Aliagiza viti viwili vya mbao kwa baba yake. Angeweza kununua popote, lakini alitaka apate sababu ya kumwita.

Mzee alikuja navyo kwa bajaji ya mizigo, akaingiza cha kwanza. Alikagua chumba, meza, cheti, maua ya plastiki, boksi la karatasi laini za kufutia machozi.

"Pazuri," alisema.

"Kaa baba, upumzike. Ni viti vyako."

"Nimezoea kusimama."

Noela alifunga mlango. Hakuwa amebaki naye peke yake tangu ile Jumamosi ya sherehe. Alikuwa ameyapanga maneno kwa siku nyingi, yote yakamtoka, yakabaki yale ya kazi.

"Baba. Siku hizi unalala?"

Kasimiri hakumtazama usoni. Alitazama mikono ya mwanawe, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kisha juu ya meza, kisha chini ya meza.

"Unaandika?"

"Siandiki, baba. Haki ya Mungu. Siandiki chochote."

Alikitikisa kiti kuona kama kimekaa sawa.

"Basi nalala," alisema, akafungua mlango, akatoka kwenda kushusha kiti cha pili.